Gari Lililovuta Kulia

Walisema mtoto wa kambi ya Nakivale hatafungua gereji Mbarara. Walisema nitashika spana mwezi mmoja, nichoke, nirudi kulima maharage ya watu. Mwalimu wangu mmoja alitangaza mbele ya darasa zima kwamba mikono yangu haitulii, na mtu ambaye mikono yake haitulii hawezi kazi ya vipimo. Mjomba, ndugu kabisa wa mama, akasema diploma ni ya watoto wenye baba wa kulipa. Basi diploma ninayo. Niliisomea Nairobi, mwaka hadi mwaka, nikiosha injini za watu asubuhi na kuingia darasani mchana nikinuka dizeli. Sasa iko ukutani ndani ya kioo, na kila mteja anayeingia hapa kwangu mtaa wa Kakoba huiona kabla hajaniona mimi. Niliipachika pale kwa makusudi. Wengine walioenda Nairobi walibaki huko. Mimi nilirudi, kwa sababu nilitaka wanione. Wameniona. Walionicheka wananiletea magari yao, na nawahudumia vizuri, na nawatoza sawasawa na wengine.

Lakini juzi alikuja muuguzi mmoja na jipu lake la zamani, yale magari mafupi yenye gurudumu la akiba mgongoni. Akaniambia usukani unatetemeka na gari linamvuta upande. Nikafungua boneti, na kabla sijagusa kitu ikanipiga harufu ya yale mafuta mekundu ya usukani yakidondoka juu ya bomba la moshi lenye moto. Ni harufu tamu kidogo, kama sukari iliyoungulia kwenye kitambaa. Nimeinusa mara nyingi katika kazi hii, sijui kwa nini siku hiyo ilinishika hivyo. Nilitoka nje nikazunguka ua wa gereji mara tatu. Vijana wangu wakadhani nimepigiwa simu ya msiba.

Nyinyi wa rika langu mliokulia kwenye zile bloku za wakimbizi mtakumbuka kwamba magari yaliyoingia kwetu yalikuwa ya wakubwa, meupe, yenye bendera na vioo vilivyofungwa. Gari pekee la mmoja wetu lilikuwa la baba yangu.

Huko kwetu Kivu ya Kusini baba alikuwa dereva. Nakivale alipewa shamba na jembe kama kila mtu, akalima, ila alilima vibaya, kwa haraka, akisimama kila dakika kutazama barabara. Mama alikuwa akimwambia, "Papa Mugisho, muhogo haiko gari, haitakuya ukiingojea." Mugisho ni mimi. Miaka ilipita hivyo, mpaka baba akauza baiskeli, mbuzi wawili na mavuno yote ya msimu, akaenda Mbarara na kurudi na jipu fupi la rangi ya kijani iliyopauka. Alilipata kwa bei ya chini kwa sababu usukani wake ulikuwa kushoto, kama magari ya kwetu Kongo, na hapa hakuna aliyelitaka.

Mnajua tabu yake. Kongo watu huendesha upande wa kulia wa barabara, Uganda huendesha kushoto. Dereva anayeketi kushoto kwenye barabara ya Uganda huona vizuri majani na mifereji ya kando, lakini akiwa nyuma ya lori haoni kinachokuja. Anahitaji mtu wa kukaa kulia amtazamie. Mtu huyo nilikuwa mimi. Jumamosi na siku za likizo niliketi mbele, upande wa kulia, juu ya mto ulioshonwa kwa vitenge vichakavu ili nifikie kioo. "Papa, ngoya." "Papa, kuko pikipiki." "Papa, pita sasa." Nilikuwa darasa la tatu, na watu saba waliosongamana mle ndani walipita lori kwa neno langu. Semeni mnavyotaka, sijapewa tena cheo kikubwa kama hicho.

Ila gari lilikuwa na ugonjwa. Lilivuta kulia. Baba akilegeza mikono kidogo tu lilianza kuteleza kuelekea katikati ya barabara, upande ambao wengine walikuwa wakija. Ndani ya mwezi wa kwanza usukani ukawa mzito, ukalia kama mtu anayeamshwa kwa nguvu, na kila jioni baba alimimina mafuta mekundu kwenye kikopo cha usukani, na kila asubuhi tulikuta doa jekundu chini.

Mama ndiye aliyesema, akicheka huku akichambua sombe, yale majani ya muhogo: "Hii gari haiyajua kama tulishafika Uganda. Inatafuta upande ya kwetu."

Kwake ulikuwa mzaha. Mimi niliuchukua mzimamzima. Ilinielea kabisa: gari lilizaliwa Kongo, lilizoea kulia, likaletwa huku bila kuulizwa, na sasa kila likiachiwa linarudi upande wake. Nilimjua mtu mmoja wa namna hiyo. Baba, akitembea kwa miguu peke yake, alifuata upande wa kulia wa barabara mpaka apigiwe honi. Basi jioni, baba akienda kuoga, niliingia chini ya usukani nikaliambia gari kwa sauti ndogo, "Hapa banatembeaka kushoto. Usijali. Utazoea. Mimi nilishazoea." Nilipapasa dashibodi yake. Kesho yake lilivuta kulia vilevile.

Tiba niliigundua mwenyewe, na kwa muda mrefu niliamini ni ugunduzi wa kwanza wa maisha yangu. Tulikuwa na abiria wetu, Mama Zawadi, mfanyabiashara wa mawese na samaki wakavu, mwanamke mnene kuliko wote wa bloku yetu na mwenye kujivunia hilo. Siku moja alikaa kiti cha nyuma upande wa kushoto, nyuma ya baba, na gari likaenda limenyooka kutoka Rwekubo, kituo chetu cha magari, mpaka Mbarara kama lililochorewa mstari. Safari iliyofuata alikaa kulia na tukayumba. Nikamwambia baba kwamba Mama Zawadi akikaa kushoto, gari linashindwa kwenda Kongo. Baba alinitazama, akacheka, kisha akaacha kucheka. Tangu siku hiyo wazito walikaa kushoto na wembamba kulia.

Msicheke. Ikawa desturi. Watu walipofika kwenye kituo walijipanga wenyewe, na mimi niliyekuwa na kazi ya kuamua niliwapima kwa macho.

"Weye, Papa, enda kulia."

"Mimi? Kulia? Niko mwembamba mimi?" mzee wa watu alikasirika. "Muulize bibi yangu!"

"Mutoto anasema kweli," Mama Zawadi alimjibu kutoka kwenye kiti chake cha daima. "Fasi ya huku ni ya bantu benye kula."

Madereva wa mabasi madogo pale Rwekubo walituona tukipangana, wakapiga kelele za kutuzomea. "Eh, hao Wakongo wanapima nyama! Kilo ngapi leo?" Baba alishika usukani kwa mikono miwili, mishipa imemsimama, na tulienda. Mama Zawadi kila kilima aligonga paa. "Polepole, Papa Mugisho! Sikukimbia vita juu ya kuya kufa hapa Masha!" Na baba, ambaye hakumsikiliza mtu mwingine yeyote duniani, alipunguza mwendo.

Halafu ikaja Jumamosi ambayo Mama Zawadi alikwenda kwenye matanga. Tulipakia vijana watano wa kwaya waliokuwa wakienda kuimba Mbarara, wembamba wote kama fito, na hata ningewapanga namna gani upande wa kushoto haukupata uzito. Nilisema. Baba akasema hakuna shida. Vijana walikuwa wakiimba, wakimhimiza, "Papa, ongeza moto!" na baba akaongeza. Miguu yangu haikutulia. Nilikuwa nikisukuma sakafu kana kwamba ningeweza kuzuia gari kwa visigino.

Baada ya Masha, kwenye mteremko, kulikuwa na shimo kwenye lami. Gurudumu la mbele la kulia liliingia na kutoka. Nikasikia mlio mmoja mkavu. Baba akakanyaga breki na gari likaenda kulia, safari hii bila kuteleza, lilikwenda kama mbwa aliyemwona bwana wake. Mbele yetu lilikuwa linapanda lori la matoke. Nakumbuka mikungu ilivyokuwa imefungwa kwa kamba ya buluu. Nakumbuka baba akipigana na usukani kwa mabega na kifua. Nakumbuka kwamba kazi yangu ilikuwa kusema, na sikusema. Lori lilitupita kushoto kwetu, likipiga honi ambayo naisikia bado, na sisi tukavuka mfereji na kusimama ndani ya shamba la migomba upande wa pili.

Hakuna aliyeumia. Kijana mmoja alipoteza kiatu. Mwenye shamba, Munyankole mrefu mwenye fimbo, alikuja bila haraka, akaitazama migomba yake miwili iliyolala, akamtazama baba.

"Ssebo, bwana wangu, hii barabara yote ya serikali imekuwa ndogo kwa wewe?"

Baba alishuka, akaanza kumwomba msamaha, na katikati ya maneno akaketi chini. Nilijua kwa nini gari lilifanya vile. Lilichoka kungoja kurudi Kongo. Nami sikumwambia baba, kwa sababu nilifikiri ataona gari lina haki.

Habari ilifika Nakivale kabla yetu. Kesho yake kanisani hakuna aliyetukwepa kwa macho, walitukwepa kwa safari. Siku tatu baba, akiisha kufunga gurudumu kwa waya, alipeleka gari kituoni na kungoja, na siku tatu alirudi bila mtu. Mama akasema mbele yetu sote, bila kupaza sauti: "Ama inyooke, ama uiuze chuma yake. Niko na mume moja." Baba akachukua jembe. Alikuwa anatoka asubuhi, anapiga udongo, anarudi. Hakutazama tena barabara. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu aliyekuwa hawezi kukaa kitako hata wakati wa kula sasa alikaa jioni nzima mahali pamoja, na mimi ndiye niliyekuwa nazunguka nyumba.

Mama Zawadi alirudi kutoka matangani, akasikia, akaja akitweta. Hakutoa pole. "Ungeningoya," alimwambia baba. "Siku moja tu nilikosa, na unapeleka batoto mu migomba." Kisha akamlazimisha apeleke gari kwa fundi wa kweli Mbarara, polepole, bila abiria ila yeye na mimi. Tulisafiri karibu asubuhi nzima. Baiskeli zilitupita.

Fundi alikuwa anaitwa Tumwine, wa hapahapa Kakoba, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu hata juani. Hakumuuliza baba maswali. Aliinua gari kwa jeki, akalala chini, akaniita mimi, labda kwa sababu nilikuwa nimesimama juu ya kichwa chake.

"Kijana, wacha kucheza-cheza. Shika tairi, huku na huku. Tikisa."

Nikatikisa. Gurudumu lilicheza mkononi mwangu kama jino la mtoto. Kok, kok.

"Unasikia? Hiyo iko mgonjwa."

"Haiko mugonjwa," nilimwambia. Sijui ujasiri ulitoka wapi. "Inatafuta Kongo. Kwetu bantu banatembeaka kulia."

Tumwine alitoka chini ya gari. Akaniomba nirudie. Nikarudia. Alicheka mpaka akaketi juu ya tairi, akawaita mafundi wenzake akawaambia kwa Kinyankole, nao wakacheka, na baba alisimama pale akitazama viatu vyake. Nilitaka ardhi inimeze. Kisha Tumwine akafuta macho, akaniingiza chini ya gari, akaniwekea tochi mkononi.

"Angalia. Hii mkono ya chuma inashika tairi. Hapa ndani inakaa mpira, tunaita bushi. Ya kushoto, ona, iko mzima. Ya kulia?" Akachokonoa kwa bisibisi na mpira ukaanguka vipande vipande usoni kwangu. "Imekufa zamani. Ukipiga breki, tairi inarudi nyuma, gari inaenda kulia. Na hii fimbo ya sterling, ya usukani, kichwa yake imeisha. Chuma haina kwao, kijana. Iko na bushi."

Ninafundisha vijana sasa na nimesoma vitabu vizito kuhusu usukani, lakini darasa langu lilikuwa lile, dakika kumi chini ya gari nikiwa na mpira uliokufa mdomoni. Wala sikufurahi. Nilikasirika. Miezi yote hiyo nilikuwa nikilifariji gari lisilosikia. Niliona kama nimefiwa na mtu aliyenielewa. Na ndani ya hasira hiyo, taratibu, likaingia jambo jingine ambalo lilinifanya nianze tena kurukaruka: kama ni mpira tu, basi mpira hununuliwa.

Na ule ugunduzi wangu wa kupanga wazito? Niliuamini mpaka Nairobi. Siku moja darasani, tukipiga hesabu za uzito na magurudumu, nilikaa nikaona kwamba kilo za Mama Zawadi nyuma kushoto zisingeweza kunyoosha kitu. Kilichonyoosha gari ni mwendo. Akikaa yeye nyuma ya baba na kugonga paa juu ya kichwa chake, baba alienda polepole. Nilicheka peke yangu hadi mwalimu akanitoa nje.

Vipuri vilikuwa ghali kuliko uwezo wa baba. Jembe lisingevinunua kwa misimu miwili. Mama Zawadi ndiye aliyeanza. Alileta madumu matatu ya mawese akayatua mlangoni. "Uza. Utanirudishia na safari." Wale vijana wa kwaya, walioingia nasi kwenye migomba, walileta kuku, na mama mmoja akaleta debe la mahindi, wote kwa maneno yaleyale, watarudishiwa kwa safari. Mwisho akaja Mzee Nestori, seremala Mrundi wa ng'ambo ya uwanja, mtu mkavu asiyecheka hata harusini. Alikuwa na milango miwili ya mbao aliyokwisha kuiranda kwa mteja, akampa baba akaiuze.

"Nakukopesha milango," alisema. "Utanibebea mbao zangu mpaka zifike thamani yake. Mbao hazifi. Lakini mimi kupanda humo, bwana, hapana. Nitaenda na basi."

"Nitainyoosha, muzee," baba alisema.

"Nyoosha. Mimi nitaiona kwa dirisha la basi."

Tumwine aliweka bushi mpya pande zote mbili, vichwa vipya vya fimbo za usukani, na mpira mpya palipokuwa pakivuja. Kisha akamwambia baba aachie mikono kwenye barabara iliyonyooka. Baba hakuachia. Ilichukua wiki mbili kabla sijaona vidole vyake vikilegea, kimoja kimoja.

Safari za kulipa zikaanza. Mama Zawadi alipanda na kugonga paa. Kwaya ilipanda, kimya mara ya kwanza, ikiimba mara ya pili. Mama wa mahindi alipanda akiwa amefumba macho. Gari lilijaa kila siku, na watu wa Rwekubo walianza kusema Mkongo amerudi barabarani, lakini baba hakudanganyika, wala mimi. Walipanda kwa sababu tulikuwa tunadaiwa. Kila aliyekwisha kulipwa alishukuru na kwenda zake, na kila mmoja aliyekwisha alinipa hofu mpya. Nilikuwa nalala nikiwahesabu waliobaki. Deni likiisha, nani atafungua ule mlango kwa hiari yake? Jembe lilikuwa bado limesimama nyuma ya nyumba, safi, limenolewa.

Wa mwisho alikuwa Mzee Nestori. Jumamosi hiyo tulipeleka mbao zake za mwisho Mbarara, zimefungwa juu ya paa, na ndani tulikuwa wawili tu. Yeye alitangulia kwa basi dogo, kama kawaida, akatungoja hapa Kakoba kwa mnunuzi. Akazikagua, akazigonga kwa kidole, akampa baba mkono.

"Imekwisha, Papa Mugisho. Hunidai, sikudai."

"Imekwisha, muzee. Aksanti mingi."

Akaondoka. Baba akaegesha kwenye kituo cha magari yaendayo Rwekubo, nyuma ya mabasi madogo, akazima injini. Hakuita abiria. Mimi niliita, mpaka sauti ikakauka, "Rwekubo, Nakivale, Rwekubo, Nakivale!" Watu walitazama usukani ulioko kushoto, wakatazamana, wakaenda kwenye mabasi. Basi la kwanza likajaa likaondoka. La pili likaanza kujaa. Nilishuka, nikapanda, nikashuka tena. "Tulia, Mugisho," baba alisema, naye alikuwa akifunga na kufungua kisanduku cha dashibodi, akifunga na kufungua.

Mzee Nestori alitokea sokoni na mfuko wa misumari na mkungu mdogo wa ndizi. Alifika kwenye basi la pili. Kondakta akamshika mkono, "Mzee, moja imebaki, moja!" Akasimama pale muda mrefu. Baba alitazama mbele. Mimi nilitazama mbele kwa sababu baba alitazama mbele. Kisha nikasikia kidole kikavu kikigonga kioo cha nyuma, vilevile kilivyogonga mbao.

Baba alishusha kioo chake. "Muzee, deni ilishakwisha. Uliniambia mwenyewe."

"Najua kuhesabu," Mzee Nestori alisema. "Kwani nimekuuliza deni? Nimekuuliza huu mlango unafungukaje. Na Nakivale ni shilingi ngapi."